Daftari la Maili la Mama Merveille

Mkataba wa kwanza wa Bernardine Kasika ulikuwa ukurasa mmoja. Niliusoma mwaka 2012, na nilimaliza kabla chai haijapoa. Ulisema atafasiri Kiswahili na Kifaransa kwa Kiingereza hospitalini anapoitwa, atalipwa kwa saa, na kila Desemba wataangaliana tena kama bado wanafaana. Chini kulikuwa na sahihi ya mzee mmoja wa Saint Paul aliyeianzisha kampuni ile ya wakalimani kwenye meza ya jikoni kwake. Siku ya Krismasi mzee huyo aliwapigia simu wakalimani wake mmoja mmoja, akawauliza watoto wao wanaendeleaje, na majina ya watoto aliyajua. Alipostaafu aliiuza kampuni kwa watu wa jimbo jingine, ambao hatujawahi kuwaona sura.

Mkataba wa Desemba 2018 ulikuwa na kurasa kumi na tisa.

Aliniletea Jumapili baada ya ibada, bado amevaa kitenge cha kwaya chini ya koti la baridi. Tunakaa jengo moja hapa Brooklyn Center, Minnesota, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya chini, upande wa mapipa ya taka. Watu wengi wa jengo hili huniletea barua zao. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kwa miaka kumi na tisa niliyosukuma mikokoteni ya mashuka machafu hospitalini, kamusi ilikuwa katika mfuko wa ovaroli yangu, na maktaba ya huku haimdai mtu karo. Maandishi madogo nayajua. Najua pia kwamba hayakufanywa madogo kwa sababu karatasi ilikuwa haba.

"Papa Naftali," alisema akiketi, "banasema sheria ya kodi imebadilika, na ni vizuri kwetu."

"Wanasema akina nani?"

"Kampuni."

"Kampuni imekutafuta ikupe habari njema?"

"Imeandika."

"Basi ngoja nivae miwani."

Kabla sijaendelea, ni vizuri mtu ajue huyu mama ni nani. Alizaliwa Uvira, akavuka ziwa na vita mgongoni, akaishi kambini Nyarugusu miaka kumi na miwili. Kule alikuwa katibu wa umoja wa akina mama, na kazi yake ilikuwa kuandika. Nani amejifungua, nani anaumwa, nani ameitwa kwenye mahojiano ya safari na nani amerudishwa. Aliandika yote kwa sababu katika kambi mtu asipoandikwa huhesabiwa kama hayupo. Alipofika Minnesota mwaka 2009 na binti yake Merveille, alisafisha vyumba vya hoteli miaka mitatu, kisha akasomea ukalimani wa hospitali. Mwisho wa mafunzo waliwafundisha kanuni yao: usiongeze neno, usipunguze neno. Wenzake waliandika jibu hilo kwenye mtihani wakalisahau. Yeye alilichukua kama kiapo cha madhabahuni.

Na alifanya kazi kwa njia ambayo leo haipo. Alifika nusu saa mapema. Alimsalimu mgonjwa, akamuuliza wa nyumbani, akamwacha aseme habari ya mwanawe aliyebaki Bukavu, ndipo daktari aingie. Mgonjwa aliyekwisha kusalimiwa husema ukweli mahali panapomuuma. Siku hizi wanasukuma kioo cha video chenye magurudumu mpaka kitandani. Ndani ya kioo kuna mkalimani aliye mbali sana, anayelipwa kwa dakika, na mgonjwa akianza kusema habari ya mwanawe, kioo kinamwambia ajibu swali.

Nilisoma kurasa zile siku nzima. Jambo la kodi lilikuwa kweli, nililihakikisha mwenyewe. Tangu mwaka ule, aliyeajiriwa hakuweza tena kupunguziwa kodi ya serikali kuu kwa gharama za gari anazojilipia kazini. Anayejitegemea aliweza bado, na juu ya hapo akaongezewa punguzo jipya. Mpaka hapo, sawa. Lakini kampuni ilitaka zaidi. Bernardine asajili kampuni yake mwenyewe, ya mtu mmoja, kwenye ofisi za jimbo. Anunue bima ya biashara. Na alete daftari lake la maili, lile la kuandikia safari za gari za kazini, la miaka mitatu, kuonyesha kwamba kweli ni mfanyabiashara na wala si mwajiriwa. Asiyetimiza hayo kufikia Ijumaa, tarehe kumi na nne, mkataba wake haufanywi upya.

"Tangu lini," nilimwuliza, "mtu anayekupa kazi akataka ushahidi kwamba hakukuajiri?"

"Labda ni utaratibu tu, Papa."

"Siku serikali ikiuliza kama ninyi ni waajiriwa waliofichwa, wao watafungua kabati lenye vyeti vyenu. Mtakuwa makampuni hamsini, kila moja na gari lake bovu."

Alicheka kidogo, maana gari lake ni bovu kweli, gari la familia lenye mlango wa kuteleza unaofungwa kwa goti. Tukampigia simu Griffins, kijana wa Kisii anayewatengenezea watu kodi pale karibu na duka la vyakula vya Kiafrika.

"Mzee Naftali, acha kum-scare Mama," alisema. "Hiyo ni standard. Nita-file hiyo kampuni yake in two days."

"Na wewe unapata nini?"

"Ada yangu tu, Mzee."

"Umewasajili wangapi mwezi huu?"

"Kama thelathini hivi."

Nikakata simu. Sisemi Griffins ni mwizi. Nasema mtu aliyepata wateja thelathini kwa mabadiliko fulani hawezi kukwambia mabadiliko hayo ni mabaya.

Tulipofika ukurasa wa kumi na nne nilisimama. Palikuwa na kifungu kinachosema mkalimani hatamchukua mgonjwa katika gari lake kwa sababu yoyote, na kwamba kwa kusaini anathibitisha hajawahi kufanya hivyo wakati wa mkataba uliotangulia.

"Mama Merveille, hilo daftari lako la maili umeandika nini humo?"

"Maili."

"Maili peke yake?"

Alipanda juu, akarudi na madaftari matatu ya shule yenye jalada la bluu. Nilifungua moja katikati. Machi 7. *Theluji mpaka magoti. Nimempitia Mama Uwimana mlangoni, nimemshika mkono mpaka garini. Tumesali kabla ya kuingia barabara kubwa. Maplewood, kliniki ya figo. Maili 18.*

Mama Uwimana nilimjua. Ana miaka sabini na kitu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na miguu yake huvimba. Kliniki yake ni Jumatano, Maplewood, upande wa pili kabisa wa Saint Paul, na kwa basi ni karibu saa mbili za kubadilisha na kusubiri kwenye barafu. Mkataba wa zamani nao ulikuwa na mstari wa kukataza kuwabeba wagonjwa. Lakini yule mzee wa kwanza alikuwa akikutana na Mama Uwimana akishuka garini, akamfungulia mlango wa kliniki. Hakuuliza.

Nilifungua kurasa nyingine. *Nimempitia Mama Uwimana. Nimempitia Mama Uwimana, analia, hajasema sababu. Nimempitia Mama Uwimana na mjukuu.* Jumatano moja baada ya nyingine.

"Hili daftari halitoki hapa," nikasema. "Tutanunua jipya, tuandike upya tarehe na maili tu."

"Papa, nimeshatuma."

"Umetuma nini?"

"Merveille alipiga picha kila ukurasa jana. Daftari banalitaka kabla ya Jumatatu. Nimetuma yote."

Kumbuka ni mtu gani huyu. Mwingine angeandika namba. Yeye aliambiwa andika safari zako, akaandika safari zake kama alivyoandika kambini, na nani alikuwepo na alikuwa katika hali gani. Kosa hilo lingefanywa na katibu wa Nyarugusu tu.

"Yako kwa Kiswahili," akasema, kama anayejitetea. "Nani atasoma?"

Jumatatu, saa nne asubuhi, alishuka ngazi mbio na simu mkononi. Kampuni ile huwatumia wakalimani wote wa lugha moja ujumbe kunapokuwa na kazi, na anayebonyeza kwanza ndiye anayeipata. Bernardine alikuwa na mazoea ya kubonyeza kabla ya kusoma, maana wakalimani Wakenya wana vidole vyepesi. Ujumbe ulisema: Kiswahili kwenda Kiingereza, maandishi ya mkono, kabla ya Alhamisi jioni. Alibonyeza. Akafungua. Akaona mwandiko wake mwenyewe.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kampuni ya lugha, yenye ofisi katika majimbo manne, ilikuwa imepokea maandishi ya Kiswahili na haikuwa na mtu wa kuyasoma ila aliyeyaandika. Kisha kicheko kikanikauka.

"Wanakupima," nikasema.

"Hapana. Ni ile mashine inatuma. Hakuna mtu pale."

"Ndivyo wanavyotaka uamini. Wanataka kuona utafasiri nini na utaacha nini."

"Na kama si mtego?"

"Kama si mtego, basi ni Mungu amekupa, na hapo pia hupaswi kuandika habari ya Mama Uwimana."

Aliitazama simu tena. Nilijua anachokiona. Merveille alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Na kazi ile ilikuwa jina lake: kanisani hawamwiti Bernardine, wanamwita Mama Mkalimani. Bila mkataba angekuwa nani? Mama mmoja mwenye gari bovu.

"Nitafasiri," akasema mwishowe. "Lakini vidole vyangu ni vizito. Papa, utanipigia chapa?"

Jumanne mchana alikaa mezani kwangu na madaftari, mimi nikiwa kwenye kompyuta niliyoiokota nilipostaafu. Alisoma, akafasiri kwa sauti, polepole, kila neno mahali pake. Nilipiga chapa. Saa ya kwanza Mama Uwimana hakutajwa, nikapiga yote. Kisha tukafika Machi 7, akasema, na mimi vidole vyangu vikaandika tarehe, Maplewood, na kumi na nane. Yaliyobaki sikuyaandika. Yaliyofuata nayo nikayaruka. Hakuangalia kioo cha kompyuta, alikuwa akiangalia daftari lake. Nilimruka Mama Uwimana mara arobaini na kitu mchana ule, na kila mara nilijiambia ninamwokoa mtu mwenye moyo mwema dhidi ya moyo wake mwenyewe.

Tulipomaliza alitaka kuhakiki. Ni desturi yao: hurudi mwanzo wakilinganisha mstari kwa mstari. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye daftari na kingine kwenye kioo.

"Papa, Machi saba iko wapi?"

"Ipo. Kumi na nane."

"Theluji iko wapi?"

"Theluji haikatwi kodi, Mama Merveille."

Aliendelea kushuka na kidole. Alipogeuka, alinitazama vile ambavyo mimi nimewatazama maofisa maisha yangu yote, akipima nimechukua nini kingine ambacho bado hajakiona.

"Wewe," akasema, "ulisema miye niwe na shaka na kampuni."

Akaigeuza kompyuta upande wake, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Hakunifukuza, maana ni nyumba yangu, lakini nilitoka nikasimama kwenye korido kama mgeni. Alimaliza jioni. Juu kabisa aliongeza mstari mmoja: *Aliyeandika na aliyefasiri ni mtu mmoja, Bernardine Kasika.* Akatuma.

Ijumaa kampuni ilimwita. Alikuja kunigongea, jambo ambalo sikulitarajia.

"Twende," akasema. "Nahitaji mtu wa kusoma maandishi madogo." Halafu akaongeza: "Usome tu. Usiruke."

Ofisi iko Saint Paul, juu ya barabara ambayo treni ya umeme inapita katikati yake. Zamani palikuwa na birika la kahawa na picha za wakalimani ukutani. Sasa ukuta ni mweupe. Meneja alikuwa mwanamke kijana mwenye sweta, macho yamechoka. Alikuwa ameyachapisha madaftari yote kwa Kiingereza, na nikaona amepiga mistari ya kalamu ya bluu. Nikajua sasa imekwisha.

"Nimesoma yote," akasema. "Sikukusudia. Nilitaka jumla ya maili tu." Akafunua. "Mama huyu, alilia kwa nini siku ile ya Oktoba?"

Bernardine akamjibu kwamba haruhusiwi kusema. Meneja akatikisa kichwa taratibu, akaonekana ameona haya.

Mpaka leo sijui swali lile lilikuwa la nini. Huenda alimhurumia. Huenda alikuwa anajaribu kama atatoa siri ya mgonjwa. Nimeligeuza mara nyingi na linakaa sawa pande zote mbili.

Kisha akaeleza. Majina ya wagonjwa yangefutwa katika nakala. Wanasheria walitaka waachane naye, lakini wakalimani wa Kiswahili wenye uzoefu ni wachache, kwa hiyo kulikuwa na njia. Akafungua ukurasa wa kumi na nne, akachukua kalamu ile ya bluu, akakata maneno yanayosema hajawahi, akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni. Yakabaki maneno yanayosema hatamchukua mgonjwa tena.

Nilisoma mara mbili. Sikuona ndoano. Nilitafuta kwa bidii, maana nilitaka iwepo, na haikuwepo.

"Ni safi," nikamwambia kwa Kiswahili. "Saini."

"Na Jumatano?"

Meneja, alipofasiriwa, alisema bima ya mgonjwa inalipa gari la kumpeleka kliniki. Unapiga simu siku tatu kabla.

"Najua hilo gari," Bernardine akamwambia kwa Kiingereza. "Dereva anapiga simu kutoka chini. Anasema Kiingereza. Akingoja dakika tano hajaona mtu anaondoka. Mama Uwimana anahitaji dakika tano kuvaa kiatu kimoja."

"Pole sana," akasema meneja. "Siwezi kuifuta ile ya kutombeba mgonjwa. Hiyo siyo yangu kuamua."

Bernardine alishika kalamu. Nilimwona anaisogeza mpaka kwenye mstari. Sasa nitasema niliyoyasema, maana yeye amekwisha kuyaandika.

"Mama Merveille," nikamwambia kwa sauti ya chini, "saini halafu uendelee kumpitia. Nani atajua?"

"Nitaandika, Papa," akasema. "Wewe unanijua. Nikimpitia nitaandika, na nikiandika nitakuwa nimesaini uongo. Kila Jumatano uongo mpya."

"Basi acha kuandika."

"Basi acha wewe kusoma."

Alicheka, na nikaona amekwisha kuamua. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sambamba na mstari, hakuandika kitu. Akavua kitambulisho chake shingoni. Picha ilikuwa ya 2012, uso mwembamba wa mtu wa kusafisha hoteli. Meneja alikipokea kwa mikono miwili. Nani kamfundisha, sijui.

Njiani tulivuka mto. Ndipo akasema, "Kampuni yangu ya mtu mmoja imekufa kabla ya kuzaliwa. Mwambie Griffins asihuzunike."

Sasa anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Maplewood, ameajiriwa, na kodi inakatwa kabla hajaiona hela. Anawaogesha watu wasiojua jina lake. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Jumatano ameomba isiwe zamu yake, na Jumatano ya pili ya Januari nilienda nao, kwa kuwa daktari wangu yuko jengo lile lile.

Nilikaa kiti cha nyuma, nimeushika mlango usifunguke. Mama Uwimana alikuwa mbele na blanketi magotini. Kliniki, muuguzi alisukuma kioo chenye magurudumu. Uso wa kijana ukatokea, akasema habari ya asubuhi, namba yake ni fulani. Bernardine alianza kuinuka kama alivyozoea, na muuguzi akamwambia kwa upole kwamba ndugu wa mgonjwa hawaruhusiwi kufasiri. Akaketi. Akaweka mikono chini ya mapaja.

Kijana yule alifasiri vizuri. Ninakiri. Lakini Mama Uwimana hakumtazama hata mara moja. Kila swali lililotoka kwenye kioo alimjibu Bernardine, na Bernardine akatazama sakafu, na kioo kikayaokota maneno yaliyokuwa yakipita kwenda kwa mtu mwingine.

Tulipokuwa tunamsubiri kwenye maabara nililiona daftari jipya kwenye mkoba wake, jalada la bluu.

"Maili hizi ni za nini sasa?" nikamwuliza. "Kodi haikupi kitu."

"Si za kodi."

"Basi za nani?"

Alinipa. Tangu siku ile ya kompyuta hakuwa amenipa karatasi yoyote nisome. Barua za shule ya Merveille alikuwa akizipeleka kwa Griffins, najua, kwa sababu nilimwona. Nikavaa miwani. Nilirudi nyuma mpaka Desemba, kwa kuwa nilijua nimo, na nilitaka kujua ameniandika vipi. Mtu aliyeishi na shaka hupenda kuona shaka ya wengine kwa macho yake.

Desemba 11. *Nyumbani kwa Papa Naftali. Amepiga chapa kwa muda wa saa tatu. Amemruka Mama Uwimana mara 43. Aliogopa kwa ajili yangu. Hajala kitu tangu asubuhi, nimemwachia sambusa mlangoni. Maili 0.*

Zile sambusa nilizitupa. Nilidhani zimeachwa na mtu nisiyemjua.